Disketi ya Kumi na Tisa

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa ami yangu, karibu na Msambweni, kama mtu anayekwenda kuteka maji, ila sikuchukua ndoo. Nilivaa gauni langu la buluu, nikajitanda leso ya nyanya, na kwapani nilibana kifurushi cha kitambaa cheupe. Sikuwa na mpango. Nilijua jambo moja tu, kwamba sitaki kupita tena mbele ya msikiti. Kwa hiyo nilipofika penye njia mbili nikashika ile isiyopita msikitini, na njia hiyo ikanitoa kwenye barabara kuu.

Nimeikumbuka asubuhi hiyo juzi huko Lunga Lunga, nikiwa nimekaa kwenye kibanda cha kijana anayetengeneza simu na kompyuta. Sikuwa na haja kubwa pale. Tangu utotoni miguu yangu haipendi kukaa mahali pamoja, na nikiona mtu amefungua kitu matumbo yakawa nje, mimi husimama nikatazama. Kijana alikuwa na kompyuta ndogo ya karani mmoja, iliyokataa kuwaka. Akatoa mfukoni flashi isiyozidi ukucha wa kidole gumba, akaichomeka ubavuni mwa ile mashine, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akarudi kwenye chapati yake.

"Unaitia nini?" nikamuuliza.

"Mfumo mpya, mama. Wote uko humu kwenye flashi."

"Na ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi?"

"Hii ikimaliza, utatia ipi?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hakuna ya pili, mama. Ni hii hii. Kabla kikombe hakijaisha itakuwa imewaka."

Na ikawa hivyo. Nilistaajabu, lakini mshangao wangu wa kweli nilishautumia zamani. Mimi niliuona mfumo ukiingia ndani ya mashine kipande baada ya kipande, nikiwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo nilidhani natazama maiti akisomewa.

Nyanya ndiye aliyenilea. Nilipokuwa darasa la tano akaugua, nikaacha shule ili nikae naye, na nikisema kweli sikusikitika sana, maana shuleni waliniambia nipunguze maswali. Nyanya hakuniambia hivyo hata siku moja. Alikuwa na msahafu mkubwa wa zamani, na kwa vile nyumba yetu ilikuwa karibu na pwani, hewa ya chumvi haikauki, kurasa zake ziliota ukungu kila masika. Kuusafisha ilikuwa kazi yangu. Kwanza unaufungua mlangoni upigwe na upepo, si jua. Halafu unachomoa sufi kavu kwenye mto wa zamani, unafuta kutoka katikati kwenda nje, mkono mwepesi.

"Usisugue," nyanya alikuwa akisema. "Ukungu ukiusugua unaingia ndani zaidi. Uombe tu utoke."

Alipofariki, siku ya tatu ikasomwa khitma. Lililetwa sanduku la msikiti, lenye msahafu uliogawanywa vijitabu thelathini, juzuu thelathini. Kila msomaji huchukua juzuu yake, wote wakasoma kwa wakati mmoja, na wote wakimaliza, kitabu kizima kimesomwa kwa kikao kimoja. Hapo ndipo inapoombwa dua kumwombea marehemu. Wanaume walikuwa barazani, wanawake ndani. Akapungua msomaji mmoja, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani akasema kutoka mlangoni, "Mpeni Mejumaa. Anasoma yule."

Moyo ulinijaa. Niliomba nipate Amma au Tabaraka, zile juzuu mbili za mwisho, ambazo nilizijua nusu kwa moyo. Nikapewa ya kumi na tatu.

Ukurasa wa kwanza nilikwenda vizuri. Wa pili nikaanza kujikwaa. Kulia kwangu na kushoto kwangu midomo ilikuwa inakimbia, na sauti zote zilichanganyika kama mvua juu ya mabati, hata nikaacha kusoma nikawa nasikiliza tu, nikijaribu kutenganisha sauti ya huyu na ya yule. Nilipozinduka, jirani yangu alikuwa karibu kumaliza. Basi kila alipofunua yeye, nami nikafunua. Nilifunua kurasa ambazo sikusoma hata herufi.

"Mejumaa, imekwisha?" mwalimu akauliza.

"Imekwisha."

Wakaomba dua. Mimi nilificha ile juzuu ndani ya leso, nikijiambia kwamba usiku nitaimalizia peke yangu, na sikuimalizia, kwa sababu kila nilipoifungua nilimwona nyanya amesimama mahali njiani, kama mtu aliyekuta daraja limekatika, akiningoja. Sanduku likarudi msikitini na juzuu ishirini na tisa. Hicho ndicho kifurushi nilichokibana kwapani asubuhi ile.

Barabarani nilikuta lori lililopakia makuti ya kuezekea hoteli za Diani. Juu yake walikaa kina mama walioyasuka.

"Wee mtoto, wenda wapi?" mmoja akaniita.

"Mbele."

"Mbele ndiko huko sote twendako. Panda."

Wakanishusha Diani karibu na saa sita. Sikuwahi kufika huko kabla. Miezi ile, baada ya zile ghasia za pwani, mahoteli mengi yalikuwa matupu, na watu wengi wa bara walikuwa wamefunga virago na kurudi kwao. Nilitembea nyuma ya kuta za hoteli, kwenye nyumba za watumishi, nikitazama mabomba yasiyotoa maji na vitanda vya jua vimerundikwa vimelaliwa na paka. Mbele ya nyumba moja yenye vyumba vilivyopangana nikasikia sauti: grr, grr, tik. Kisha kimya. Kisha grr tena. Ilikuwa kama mtu mzee anayesoma kwa sauti ya chini na kupumzika kila aya.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikaa mwanamke kijana kwenye kigoda, nywele zimefungwa kitambaa, uso haukuwa na furaha. Mbele yake palikuwa na meza, juu ya meza sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, na juu ya sanduku kitu kama televisheni chenye kioo cha buluu. Karibu na mkono wake palikuwa na boksi la viatu, na ndani ya boksi, vimepangwa wima, vijitabu vidogo vyeusi, kila kimoja kimeandikwa namba kwa kalamu nyeupe.

Akatoa kimoja kwenye mdomo wa sanduku, akatia kingine. Grr, grr, tik.

Nilielewa papo hapo, au nilidhani nimeelewa. Mashine hii ilikuwa imefariki. Na huyu masikini, kwa kuwa jamaa zake wamerudi bara, anaisomea khitma peke yake.

Nikavua viatu. Nikajifunika leso vizuri. "Shikamoo," nikasema. "Pole sana, dada."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka. "Asante, haki. Kutoka asubuhi hakuna mtu ameniambia pole." Kisha akageuka. "Wewe ni wa nani?"

"Ni wa Msambweni. Naitwa Mejumaa."

"Mimi Kavata. Unataka nini, Mejumaa?"

"Nikusaidie zisomwe."

Akanitazama, akatazama boksi. "Unajua kusoma namba? Sawa, kaa hapa. Mimi nikikuambia namba, wewe unanipa. Usishike hapa kwa chuma. Shika kwa pembe."

Nikakaa. Nilihesabu zile disketi, kama alivyoviita vijitabu vyake: zilikuwa ishirini na sita. Nikasema moyoni, basi khitma ya mashine ni fupi kidogo.

Kila kilipokwisha kimoja, kioo kiliandika mstari wa Kiingereza, Kavata akasema "saba," nami nikampa saba. Chini ya maandishi palikuwa na mstari mwembamba wa njano uliokuwa ukirefuka kidogo kidogo, kama kivuli cha ukuta mchana. Kavata akaniambia, baina ya disketi na disketi, kwamba alikuwa karani wa mapokezi kwenye hoteli moja. Hoteli ikafungwa, vitu vikauzwa, naye akainunua kompyuta aliyoizoea ili afungue ofisi ya kupiga chapa. Kufika nyumbani, ikagoma. Rafiki yake wa Mombasa akamnakilia disketi hizi, akampa, na juma lililofuata akahamia bara.

"Bila hizi haina akili," akasema. "Chuma zote ziko, stima iko, lakini haijui hata jina lake. Kila moja ya hizi inaitia kitu kidogo ndani. Zikiisha, inaamka."

Inaamka! Sisi tulimsomea nyanya ili alale salama. Sikuwahi kusikia khitma ya kumwamsha mtu. Nikaanza kutoa disketi kwa mikono miwili.

Mwenye nyumba akapita mlangoni na sinia la mchele, mama mtu mzima mwenye buibui lililopauka na macho ya kucheka. Huyo alikuwa Bi Riziki.

"Kavata, we mwana we, bado walibembeleza hilo jeneza lako?"

"Si jeneza, Bi Riziki. Ngoja uone."

"Naona. Naona hata umepata mfiwa mwenzio." Akanitazama miguu yenye vumbi. "Na huyu kimwana katoka wapi?"

"Mbele," nikasema, maana ndilo jibu lililokuwa limenifaa asubuhi.

"Mbele! Haya. Ukirudi nyuma utaniambia." Akakaa kizingitini akaanza kuchagua mchele, na mimi nikajua atakaa hapo mpaka apate habari yangu yote.

Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Nikampa ya kumi na tisa.

Grr. Grr. Grr. Sauti ikabadilika, ikawa kama mtu anayekwaruza sufuria. Mstari wa njano ukasimama. Kikatokea kisanduku chekundu.

Kavata akasema neno la Kikamba. Akabonyeza herufi R. Grr, grr, kikatokea kile kile. Akabonyeza tena.

"Hiyo R ni nini?" nikauliza.

"Naiambia irudie."

"Inasemaje?"

"Inasema haiwezi kusoma hii." Akabonyeza mara kumi, mara ishirini, na kila mara mashine ikajaribu, ikashindwa, ikasema vile vile, bila hasira na bila aibu. Kavata akaegemea ukuta. "Basi. Basi imeisha. Aliyekuwa nazo ameenda. Hii ikikataa, Ijumaa napanda basi naenda Kitui, nikae kwa mama yangu nichunge mbuzi."

Haikuwa ya kumi na tatu. Ingekuwa ya kumi na tatu ningekimbia bila viatu. Lakini ilitosha. Nikamwambia kwa sauti ndogo maneno niliyokuwa nikijiambia mwenyewe kwa siku nyingi.

"Si uiruke tu, dada? Ni moja. Nyingine zote zimesomwa."

"Hairuki."

"Hata moja tu?"

"Mejumaa, nikiruka hii, hata zile kumi na nane tumetia ni bure. Itaamka nusu, halafu ianguke. Lazima zote."

"Na ukiidanganya? Ukiiambia imekwisha?"

Kavata akacheka kicheko cha uchovu. "Haidanganyiki. Inajua."

Sijui kama nimewahi kuambiwa jambo lililoniingia kama lile. Nilikitazama kile kioo. Chumba kizima cha watu wazima, na mwalimu mlangoni, waliniuliza kama imekwisha, nikasema imekwisha, wakaamini. Na sanduku hili la chuma, lisilojua hata jina lake, lilikataa. Halikunigombeza. Lilikaa tu pale liliposimama, linangoja ya kumi na tisa. Hapo nikajua kwamba nikiacha hii ipotee, na ile yangu imepotea. Ndivyo akili yangu ilivyoyafunga mambo hayo mawili pamoja, na hata leo siwezi kuyafungua.

"Nipe niione," nikasema.

Kavata hakuwa na nguvu za kukataa. Nikaishika kwa pembe. Kile kibamba cha chuma nilichokatazwa kukigusa, nikakisukuma taratibu. Ndani palikuwa na duara jeusi, laini, linang'aa kama ngozi ya mkizi. Na juu ya weusi ule palikuwa na madoa ya kijivu, yamejitandaza kama maua madogo. Nikainusa. Pua yangu ikajawa na nyumba yetu.

"Ni ukungu," nikasema.

"Nini?"

"Ukungu. Kama wa msahafu. Masika hii imeingia humu pia. Nataka sufi. Sufi ya mto wa zamani, si mpya."

Bi Riziki aliacha mchele. "We mtoto, sufi ya nini?"

"Ya kufutia. Nyanya alinifundisha."

"Bi Riziki, ataiharibu," Kavata akasema.

"Yataka kuharibika mara ngapi, mwanangu? Si ushaanza kuwahesabu mbuzi?" Akainuka akaenda zake chumbani, akarudi na mto umetobolewa na bonge la sufi kiganjani, na mkono wa pili kachukua kichupa cha spiriti ya kuwashia karabai. "Nyanyako alitia spiriti?"

"Kwenye jalada tu, palipokataa."

Nikakaa mlangoni kwenye upepo. Kavata alinishikia kibamba kisirudi. Nikachukua sufi kavu kwanza, nikafuta kutoka katikati kwenda nje, mkono mwepesi, kisha nikazungusha lile duara kwa kidole, kwenye kitovu chake, nikafuta kipande kinachofuata. Upande mmoja, kisha wa pili. Palipokataa nikatia tone la spiriti. Usisugue. Uombe tu utoke. Nilipomaliza, duara lilikuwa jeusi lote, na uso wangu ulionekana ndani yake, mdogo sana.

Tukaiacha ikauke. Kavata akaitia. Akaweka kidole juu ya R, akafumba macho. Akabonyeza.

Grr. Grr. Sufuria ikakwaruza mara moja. Kimya.

Grr, grr, grr, tik.

Mstari wa njano ukasogea.

"Ishirini!" Kavata akapiga kelele. "Mejumaa, ishirini, haraka!"

Nikampa ishirini, ishirini na moja, mpaka ya mwisho. Kisha mashine ikazimika yenyewe, na mimi nikadhani tumeiua mara ya pili. Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi muda ambao ningeweza kusoma Alhamdu. Halafu kikafunguka, kikawa na rangi ambayo sikudhani inaweza kutoka ndani ya chumba: kijani iliyochanganyika na buluu, rangi ya maji ya ndani ya mwamba saa nne asubuhi, unapoona mpaka mchangani. Hakuna aliyekuwa ameitia rangi hiyo. Disketi zilikuwa nyeusi zote, nilizishika mwenyewe. Lakini ilikuwa humo muda wote, imegawanywa vipande ishirini na sita, inangoja isomwe yote.

"Subhanallah," Bi Riziki akasema. "Limefumbua jicho."

Kavata alikuwa analia na kucheka, akanikumbatia mpaka leso ikadondoka, na kifurushi nacho kikadondoka, kitambaa kikafunguka.

Bi Riziki ndiye aliyekiokota. Aliifuta ile juzuu kwa ncha ya buibui lake, akaibusu, akatazama namba na mhuri wa msikiti. Kisha akanitazama mimi. Hakuuliza mbele ya Kavata. Alisema tu, "Mwadhini wa magharibi hayuko mbali. Twende ndani ukatawadhe. Chumba cha mwisho ki tupu, utalala humo na kitanda kipo. Kesho nitatuma salamu kwenu Msambweni, wasije wakakutafuta visimani."

Baada ya kuswali alinipeleka kwenye chumba hicho. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo, na ukutani alama nyeupe palipokuwa na kalenda ya mtu aliyehama. Kupitia ukuta, kutoka chumba cha pili, nilimsikia Kavata akibonyeza herufi moja moja, akijaribu kuandika jina lake. Nikamweleza Bi Riziki yote: khitma, jirani niliyemfuatiza kufunua, neno nililolisema, na nyanya pale alipokwama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mungu hakukungoja wewe ndipo amrehemu nyanyako," akasema. "Usimfanye mdogo hivyo. Lakini ulilochukua kusoma, lisome. Kisha tutaipeleka sandukuni kwao, mimi na wewe, mchana mweupe."

"Siijui yote. Kuna maneno yananishinda."

"Mimi naijua. Fungua."

Akawasha karabai kwa ile ile spiriti iliyobaki, akakaa ukingoni mwa kitanda, macho kayafumba. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikaenda vizuri. Wa pili nikafika kwenye neno lililonikwaza siku ya khitma, ulimi ukasimama, na moyo wangu ukataka kufunua mbele kama zamani.

"Rudia," Bi Riziki akasema, bila hasira.

Nikarudia.